Msuguano: usikimbilie uzito
Swali la sanduku linalovutwa kwa kamba iliyoinuka huwaponza wanafunzi wengi, na inauma kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua sanduku la kilo 20, kamba inavuta kwa nyutoni 100, nyuzi 30 kutoka sakafuni. Uzito ni nyutoni 200 (g, yaani mvutano wa dunia kwa kila kilo, ikiwa nyutoni 10), lakini kamba nayo inanyanyua: 100 × sin 30° = 50. Kwa hiyo sakafu inabeba 150 tu. Namba ya msuguano (inayozidishwa na mzigo unaobebwa na sakafu) ikiwa 0.4, msuguano ni 0.4 × 150 = nyutoni 60, si 80 unayoipata ukitumia uzito wote wa 200! Chora mishale yote ya nguvu kwanza, hata kwa penseli pembeni, ndipo uguse fomula.