Alaimenti ya Impreza kwa mbio za lami: uzi, rula na timazi

Impreza WRX ya umbo la GD, iliyotoka kati ya mwaka 2000 na 2007, ikiingizwa kwenye mzunguko wa lami na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) ya barabarani hukataa kona. Unapinda usukani, pua inakwenda nje. Baada ya mizunguko michache bega la nje la tairi la mbele limeliwa, na bega la ndani bado lina vinyweleo vya kiwandani. Kinachokosekana hapo ni kemba, yaani mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele; ni hasi pale sehemu ya juu inapoinamia ndani.

Suspensheni ya mbele ni ya MacPherson: juu gurudumu linashikwa na shokapu yenyewe, chini kuna mkono mmoja. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje hulala pamoja na bodi na kusimama kwa ukingo. Kulishusha sana kunazidisha ubaya, kwa sababu mkono wa chini ukishafika usawa wa ardhi, shokapu ikibonyea zaidi haiinamishi tena tairi kwa ndani. Kwa hiyo kemba ya kona ni lazima uiweke tangu gari likiwa limesimama.

Kwa matairi ya nusu mbio, na gari ambalo Jumatatu litakupeleka kazini, anzia hapa:

Mbele: kemba hasi digrii 2.5, au 3 kama tairi ni laini sana. Tou (gurudumu kuelekeza pua yake ndani au nje likitazamwa kutoka juu) sifuri.
Nyuma: kemba hasi digrii 1.5 hadi 2. Tou ya kuingia ndani milimita 0.5 hadi 1 kwa kila gurudumu.
Tofauti ya kemba kati ya kulia na kushoto isizidi digrii 0.2.

Wengi huogopa kemba wakidhani ndiyo inayomaliza matairi. Kinachomaliza ni tou. Tairi lenye kemba ya digrii 2.5 na tou sifuri linabingirika. Tairi lenye tou ya milimita 3 linaburutwa kila mita ya barabara. Mbele unaweza kuruhusu tou ya nje ya milimita 1 kila upande, ili pua iingie kona haraka, ila usukani utahangaika kwenye barabara yenye mabonde. Nyuma usiruhusu tou ya nje hata kidogo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mkia utakutangulia.

Sifa ya Impreza huku kwetu ililetwa na Safari Rally, walikoshinda nayo madereva Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Hiyo ni kazi ya vumbi na mawe. Usinakili mpangilio wa vumbi kwa ajili ya lami.

Kwanza kagua vyuma. Inua gurudumu, lishike juu na chini ulitikise, kisha kulia na kushoto. Kama kuna mchezo kwenye beringi, boli jointi au tairodi endi (ncha ya fimbo ya usukani), acha kupima mpaka ubadilishe. Hakuna alaimenti inayokaa juu ya chuma kilicholegea. Angalia pia bushi za mikono.

Halafu sakafu. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi: weka alama ya usawa sehemu nne za magurudumu, kisha jazia zilizo chini kwa vigae mpaka tofauti ibaki chini ya milimita 2. Jaza upepo kama utakavyoendesha, weka mafuta nusu tangi, na kiti cha dereva kiwe na uzito wake. Jerikeni tatu za lita 20 na nyingine yenye lita 15 za maji zinatosha kwa dereva wa kilo 75. Chini ya kila tairi weka vipande viwili vya bati laini vilivyopakwa grisi katikati, ili tairi liteleze badala ya kujikaba.

Sasa kemba, kwa sababu ukiibadilisha tou nayo inahama. Ning'iniza timazi upande wa nje wa gurudumu, uzi upite katikati ya rimu bila kugusa tairi, na upime kwa rula umbali kutoka uzi hadi ukingo wa rimu juu, kisha chini. Kwenye rimu ya inchi 17, ambayo ukingo wake una kipenyo cha milimita 460 hivi, kila digrii moja ni milimita 8. Digrii 2.5 ni milimita 20. Pima rimu yako mwenyewe, kwa sababu unene wa ukingo hutofautiana. Zungusha gurudumu nusu mzunguko na upime tena. Majibu yakitofautiana, rimu imepinda, chukua wastani.

Mbele, bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu) ni ya yai: ukiizungusha, kemba inabadilika. Weka alama ya rangi nyeupe kabla ya kulegeza. Ikifika mwisho wake, kwa kawaida bado hujafika digrii 2, na njia hii ina kasoro: inasogeza tairi kuelekea shokapu. Hakikisha pamebaki angalau milimita 4 kati ya tairi na kikalio cha springi. Ndiyo maana kwa digrii 2.5 na kuendelea tunashauri bamba za kemba za juu ya shokapu, ambazo huinamisha shokapu nzima na nafasi hiyo haiguswi. Nati tatu za juu hukazwa kwa nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 tu. Anayetumia spana ndefu hukata skrubu. Bolti mbili za chini za mbele ni nyutoni mita 175, na hizo hazipakwi grisi, la sivyo yai litateleza ukigonga ukingo wa njia.

Nyuma kiwanda hakikuweka urekebishaji wa kemba. Nunua bolti za yai za kuingia tundu la juu la shokapu ya nyuma, au mikono ya pembeni inayorefushwa.

Kila ukishusha gari kutoka kwenye jeki, lisukume mbele na nyuma mita mbili tatu, bonyeza bodi mara kadhaa, ndipo upime. Tairi lililotoka hewani hutua likiwa limejikunja, na hapa ndipo vipimo vingi vya gereji huharibikia.

Kwa tou, simamisha stendi nne kwenye pembe za gari, vuta uzi wa kuvulia samaki kila upande, kimo cha katikati ya gurudumu. Upana wa mbele na wa nyuma si sawa, kwa hiyo usilinganishe uzi na matairi. Linganisha kwa vitovu: mbele kulia na kushoto umbali ulingane, nyuma vivyo hivyo, nusu milimita kwa nusu milimita. Baada ya hapo usiuguse uzi. Usukani uwe katikati kamili na ufungwe.

Pima kutoka uzi hadi ukingo wa rimu wa mbele, kisha wa nyuma. Namba ya mbele ikiwa ndogo, tou iko nje. Kwenye rimu hiyo milimita 1 ni karibu dakika 7.5 za pembe (digrii moja ni dakika 60). Anza na nyuma: kati ya mikono miwili ya pembeni, ule wa nyuma una bolti ya yai upande wa ndani. Bolti hii hushikana na kutu ndani ya bushi, hasa magari ya pwani. Ukiilazimisha unachana bushi. Ipige mafuta ya kutu usiku uliotangulia, na izungushe kidogo kidogo kwenda na kurudi.

Mbele, legeza nati ya kufunga ya tairodi na zungusha kwa usawa pande zote mbili; robo ya mzunguko huhamisha takriban milimita 1. Zungusha upande mmoja tu na usukani utakaa mshazari. Nati ikazwe kwa nyutoni mita 85, huku umeishika tairodi endi isijipinde.

Uwanjani, ingia mapumzikoni moja kwa moja baada ya mzunguko wa kasi na upime joto la tairi kwa kipima joto cha sindano, ndani, katikati na nje. Kipima cha mwanga husoma uso tu, nao umeshapoa. Bega la ndani liwe na joto zaidi ya la nje kwa nyuzi 5 hadi 10. Nje ikizidi, ongeza nusu digrii ya kemba. Ndani ikizidi kwa zaidi ya 15, punguza. Katikati ikipita pande zote mbili, tatizo ni upepo, punguza upepo kwanza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uandike.

Kabla ya kurudi nyumbani, angalia alama nyeupe kwenye bolti za yai. Ikiwa moja imehama, usiikaze tena: weka mpya, kisha rudia uzi kwa upande ule.