Kufinyanga kisanamu cha Trypillia, na kigae cha nyika cha kukilinganisha nacho

Wakulima wa Cucuteni-Trypillia waliishi katika nchi ambazo leo ni Romania, Moldova na Ukraine, takriban 4800 hadi 3000 KK. Mashariki yao ilianza nyika, yaani tambarare pana za majani, na watu wa nyika hawakuwa na desturi kubwa ya kutengeneza visanamu. Kwa hiyo anayetafuta mahusiano ya pande hizi mbili asiishie kwenye umbo. Aangalie pia kilichochanganywa ndani ya udongo. Hilo hueleweka vizuri zaidi ukifinyanga vitu viwili, kisanamu cha wakulima na kigae chenye makombe kwa mtindo wa nyika, na kuvichoma kwenye moto mmoja.

Anza na kisanamu. Gramu 150 za udongo laini, uliochekechwa na kukandwa vizuri, zinatosha kwa kimo cha sentimita 11. Usikifinyange kama bonge moja. Visanamu vingi vya Cucuteni A, mojawapo ya awamu za utamaduni huu, viliundwa kwa nusu mbili, kila nusu ikiwa mguu na nyonga yake, kisha vikaunganishwa. Kwaruza nyuso zinazokutana, paka uji mzito wa udongo, bana kwa nguvu. Mshono ukifunguka wakati wa kukauka, nusu moja ilikuwa kavu kuliko nyingine. Udhaifu huo huo unaonekana kwenye vilivyofukuliwa: vingi vimepasuka wima, katikati ya miguu.

Kichwa kibane kwa vidole viwili tu, mabega yawe mafupi. Subiri hadi ukucha uache alama bila kuzama, ndipo uchore kwa ncha ya mfupa: mistari sambamba miguuni, msokoto makalioni, umbo la almasi tumboni. Ukichora mapema, kingo za mistari hufurika. Ukichelewa, udongo humeguka. Huko Luka-Vrublevetska, kwenye mto Dniester, nafaka zilichanganywa katika udongo wa visanamu. Ukitaka kujaribu, tia punje chache tu, kwa sababu huungua na kuacha matundu, na matundu mengi hudhoofisha shingo.

Sasa kigae. Banika makombe ya kome wa mtoni kwenye makaa mpaka yawe mepesi kuvunjika, yaponde, chekecha chembe zisizidi milimita 2. Changanya gramu 20 na gramu 100 za udongo, tandaza unene wa milimita 8, kisha gandamiza kamba iliyosokotwa juu yake. Vyungu vya namna hii, vyenye makombe na alama za kamba au chanuo, hupatikana ndani ya vijiji vya Trypillia pembeni ya vyungu vyao vilivyopakwa rangi. Waakiolojia huviita Cucuteni C, ambalo hapa ni jina la aina ya vyungu, si awamu.

Kausha vyote kivulini siku 7, kisha viweke kando ya moto saa 2 kabla ya kuviingiza. Mapaja ya kisanamu ni manene, na maji yaliyobaki ndani yakigeuka mvuke hukilipua. Moto usipite wekundu hafifu, karibu nyuzi 650. Hapa ndipo wengi huharibu kigae: joto likizidi, makombe hugeuka chokaa, nayo ikinyonya unyevu wa hewa huvimba. Kigae kinatoka motoni kizima, halafu baada ya siku chache kinabanduka magamba.

Ili kutambua makombe, vunja kona ya kigae na udondoshee siki. Povu litatokea kwenye vipande vyeupe peke yake. Likitokea kote, udongo wenyewe una chokaa. Kamwe usifanye hivi kwenye kitu cha kale. Hapo tumia kioo cha kukuzia, na kumbuka kwamba makombe yanaweza kuwa yameyeyuka ardhini na kuacha mianya bapa.

Ukimudu haya, jaribu umbo la Usatove, karibu na Odesa, la mwishoni mwa milenia ya 4 KK: msingi wa mchemraba, na juu yake mwili uliorahisishwa, bila miguu. Visanamu hivyo vya asili ya kikulima viliwekwa hata katika makaburi ya vilima, mazishi ya mtindo wa nyika.