Jinsi ya kuona diski ipi imepewa seva ipi kwenye mtambo wa IBM FlashSystem

Seva inayotegemea mtambo wa hifadhi haizioni diski halisi zilizomo ndani ya mtambo huo. Diski hizo huunganishwa katika mafungu, mafungu hukatwa vipande vinavyoitwa voliumu, na kila voliumu hupewa seva moja au zaidi. Mgao huo ndio unaoifanya seva ione kitu inachokiita diski. Kwa hiyo, anayeulizwa seva ya hesabu inatumia diski gani asianze kukagua diski zilizochomekwa kwenye kabati, kwani jibu limo katika orodha ya migao. Maelezo haya yanahusu mitambo ya IBM inayoendeshwa na programu ya Spectrum Virtualize (ambayo sasa huitwa Storage Virtualize), yaani SAN Volume Controller, Storwize na FlashSystem, ambayo yote hutumia amri zilezile.

Kabla ya yote, omba akaunti yenye wadhifa wa Monitor. Akaunti hiyo inaruhusu kutazama karibu kila kitu bila kubadilisha chochote, na kwa kazi ya kutazama hakuna sababu ya kuingia kwa akaunti ya msimamizi, ambapo kitufe cha kuondoa mgao kipo jirani kabisa na kitufe cha kuuonyesha.

Ukishaingia kupitia kivinjari, fungua menyu ya Hosts upande wa kushoto, kisha uchague Mappings. Itatokea orodha yenye jina la seva, namba ya SCSI (SCSI ni lugha ambayo seva na diski huwasiliana kwayo, na namba hiyo ndiyo seva huitumia kuitaja voliumu), jina la voliumu na namba ndefu ya utambulisho inayoitwa UID. Mpangilio wa menyu hutofautiana kidogo kati ya toleo moja la programu na jingine, lakini safu hizo nne hazikosekani. Ukitaka kuanzia upande wa pili, yaani unayo voliumu na unataka kujua ni nani anayeitumia, nenda kwenye orodha ya voliumu, ubofye kulia juu ya jina lake na uchague kuonyesha seva zilizopewa.

Mimi hupendelea amri, kwa sababu matokeo yake yanaweza kuhifadhiwa na kulinganishwa baadaye. Ingia kwenye mtambo kwa ssh (njia salama ya kuandika amri kwenye mashine ya mbali), kisha andika amri ifuatayo, ambamo seva_hesabu ni jina la seva na vdisk ni jina jingine la voliumu:

lshostvdiskmap -delim : seva_hesabu

Utapata mistari mfano wa hii, ambayo nimeifupisha upande wa kulia:

id:name:SCSI_id:vdisk_id:vdisk_name:vdisk_UID
3:seva_hesabu:0:17:hesabu_mfumo:600507680C80813E7800000000000A41
3:seva_hesabu:1:22:hesabu_data:600507680C80813E7800000000000A46

Ukiiandika amri hiyo bila jina la seva, utapewa migao ya seva zote. Kinyume chake ni lsvdiskhostmap, ambayo hupewa jina la voliumu na kuorodhesha seva zinazoiona. Hapa pana mtego unaostahili kuangaliwa kwa makini: safu mbili za kwanza, id na name, katika amri ya kwanza ni za seva, ilhali katika amri ya pili ni za voliumu. Mtu anayenakili namba 3 kutoka orodha moja na kuitumia katika nyingine atakuwa anazungumzia kitu tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo ninalolihimiza kuliko yote: usiitambue diski kwa jina wala kwa namba ya SCSI, itambue kwa UID. Jina la voliumu linaweza kubadilishwa na msimamizi yeyote wakati wowote. Namba ya SCSI hutolewa kwa kila seva peke yake, hivyo voliumu moja inaweza kuwa namba 1 kwa seva hii na namba 4 kwa ile. Majina ya Linux kama /dev/sdc nayo hayana uthabiti, kwa kuwa hutolewa kwa kufuata mpangilio wa kugunduliwa kwa diski seva inapowaka. Katika taasisi moja niliyoitumikia, nilibakiza amri moja tu kufomati diski iliyokuwa na kumbukumbu za miaka mingi, kwa sababu siku iliyotangulia /dev/sdc ilikuwa tupu, na usiku seva ilikuwa imewashwa upya bila mimi kuarifiwa. Mwenzangu aliniuliza UID ni ipi, nikaenda kuitazama, na hazikufanana.

Kwenye Linux, andika multipath -ll (amri inayoorodhesha diski na njia za kuzifikia) na utazame namba iliyo katika mabano kando ya jina la diski. Kwa mfano wetu itakuwa hivi:

mpathb (3600507680c80813e7800000000000a46) dm-3 IBM,2145

Namba hiyo ni UID ileile ya mtambo, ila herufi zimeandikwa ndogo na mbele imeongezwa tarakimu 3, hivyo kutoka tarakimu 32 zimekuwa 33. Ukiiondoa hiyo 3 ya mwanzo, utaona inalingana na hesabu_data. Maandishi ya IBM,2145 yasikutie wasiwasi hata kama mtambo wako ni wa modeli nyingine, kwa maana familia yote hujitambulisha kwa seva kwa namba hiyo. Kwenye VMware namba ileile hutanguliwa na neno naa na nukta, na kwenye Windows utaiona katika sehemu ya UniqueId ya amri ya Get-Disk.

Chini ya mstari huo huorodheshwa njia zinazoifikia diski. IBM inashauri zisizidi 8 kwa kila voliumu. Zikiwa pungufu ya ulivyotarajia, rudi kwenye mtambo na uandike lshost ikifuatiwa na jina la seva, usome hali ya kila lango la mawasiliano la seva. Neno active maana yake amri za SCSI zimepita hapo hivi karibuni, inactive maana yake lango limeunganishwa lakini liko kimya, na offline maana yake mtambo hauioni seva kupitia lango hilo, hivyo kakague waya wa faiba au mgawanyo wa swichi.

Voliumu isiyo na seva yoyote katika orodha isihesabiwe kuwa haina kazi. Huenda ni nakala ya FlashCopy (huduma ya mtambo ya kunakili voliumu) inayoandikwa kila usiku, nayo mahusiano yake yanaonekana kwa amri tofauti ya lsfcmap. Vilevile, ukiona seva mbili zinashiriki voliumu moja, tazama safu ya mapping_type (mojawapo ya zile nilizozikata upande wa kulia): neno shared linaonyesha kuwa mgao umetoka kwenye klasta ya seva, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, na umekusudiwa. Ikiwa ni private kwa seva zote mbili, waulize wenye seva hizo siku hiyohiyo kama wanajua, kwa sababu mifumo miwili ya faili isiyojuana ikiandika kwenye diski moja, data huharibika.

Kabla ya badiliko lolote, toa orodha nzima kutoka kwenye kompyuta yako mwenyewe na uiweke kwenye faili:

ssh mtazamaji@anwani_ya_mtambo "lshostvdiskmap -delim ," > migao-kabla.csv

Badiliko likikamilika, toa orodha ya pili na uzilinganishe kwa diff, amri inayoonyesha tofauti kati ya mafaili mawili. Mistari itakayotofautiana iwe ni ile tu uliyoombwa kuibadilisha.