Fundi, ukifika Toshogu anza na banda la farasi

Mafundi wenzangu wa vinyago hapa Mwenge, Dar es Salaam, huniuliza, mtu akipata safari ya Japani akaone nini. Nawaambia: panda hadi mji wa Nikko, kwenye hekalu la Toshogu. Ni hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, lililojengwa mlimani mwaka 1617 kumuenzi Tokugawa Ieyasu, shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani. Majengo mengi ya sasa ni ya 1636. Kutoka stesheni ya Asakusa, Tokyo, ni mwendo wa treni wa kama saa mbili. Ukienda Januari, pitia kwanza soko la Karume utafute koti zito la mtumba.

Penye torii, lile lango la kuingilia hekaluni, inamisha kichwa, kisha pita pembeni, maana katikati ni njia ya mungu wao. Kwenye birika la kunawia, shika kata ya kutekea maji kwa mkono wa kulia unawe wa kushoto, badilisha unawe wa kulia, halafu mimina maji kiganjani usukutue. Kata isiguse mdomo. Mimi ni Mwislamu. Nilinawa kwa heshima, sikusali, na hakuna aliyenisumbua.

Sasa kazi yetu. Wageni hukimbilia lango la Yomeimon kwa ajili ya dhahabu. Usiwafuate. Anza na banda la farasi, ambalo mbao zake zimeachwa tupu, ili jicho lizoee mti kwanza. Wale nyani watatu maarufu, asiyeona, asiyesikia na asiyesema baya, ni ubao mmoja tu kati ya 8. Zitazame zote, ni maisha ya binadamu tangu utotoni.

Karibu na hapo, juu kwenye ghala, wapo tembo wa kuchongwa. Aliyewachora, Kano Tanyu, hakuwahi kumwona tembo. Sisi wa nchi ya tembo tunagundua mara moja masikio yamekosewa, lakini kaa hapo. Mtu amesikia habari tu, akampa mnyama uhai. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote pale.

Ndipo uende Yomeimon. Nguzo moja nakshi zake zimepinduliwa makusudi, kwa imani kwamba kilichokamilika huanza kuharibika. Itafute mwenyewe.

Paka wa kuchongwa aliyelala yuko juu ya mlango, kabla ya ngazi 207 za kwenda kwenye kaburi la Ieyasu. Ni mdogo, wengi humpita. Vuka, kisha geuka: nyuma yake wamechongwa shomoro.

Ndani ya ukumbi mkuu picha ni marufuku, kwa hiyo beba daftari. Ukitoka, chora papo hapo ukingali unakumbuka.