SOMO: Kuandika yaliyokusibu ili kuupunguzia moyo mzigo

Wapo wanaoandika shajara miaka mingi bila kupata nafuu, kwa kuwa wanaorodhesha matukio na kuziacha hisia nje. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioeleza tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali pa faragha, tega saa, kisha andika bila kusimama na bila kujali tahajia.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha somo: kila tukio liambatane na ulivyojisikia. "Niliachishwa kazi mwezi Machi" ni taarifa tu. Andika: "Nilipokabidhi funguo mikono ilinitetemeka, nikapitiliza kituo changu cha daladala kwa sababu niliona aibu kumkabili mke wangu kabla giza halijaingia." Hapo umeligusa jeraha lenyewe.

Hatua ya tatu: kuanzia siku ya tatu, jiulize kwa nini jambo hilo lilikuumiza kiasi hicho na sasa unalielewaje.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, siku ya kwanza nililia sana. Niendelee?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Hata washiriki wa utafiti ule walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, na kwa kawaida hali hiyo hupita. Lakini ukiona unazidiwa, acha, uandike jambo jepesi zaidi. Na kama msiba ni wa juzijuzi, subiri kwanza. Anayewaza kujidhuru asibaki peke yake na daftari: amwambie mtu wa karibu na aende hospitali leo hii.

Swali: Je, ni lazima wengine wasome? Nyumbani kwetu hakuna siri.

Jibu: Si lazima hata kidogo. Andika kwenye karatasi, ukimaliza ichane au uichome. Ukitaka kuwashirikisha watu baadaye, ondoa kwanza majina na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika, maana wao hawakukubali habari zao zisomwe.