Namna ya Kumtumia Mshambuliaji Sugu Katika Mapambano ya Pokémon

Wachezaji wengi wanaoingia katika mashindano ya Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha viumbe, huvutiwa kwanza na viumbe wenye kasi, wale wanaotangulia kupiga na kumaliza kazi kabla mpinzani hajajibu. Mshambuliaji sugu hufuata hesabu nyingine. Huyu ni kiumbe mwenye uhai mwingi na mkono mzito, lakini mwenye kasi ndogo, ambaye karibu kila zamu hupigwa kwanza ndipo naye apige. Thamani yake haipimwi kwa ukali wa pigo moja bali kwa idadi ya mapigo anayoyatoa kabla ya kuzimia, na kila uamuzi unaomhusu, kuanzia mgawanyo wa pointi za juhudi (pointi za mafunzo zinazoongeza takwimu za kiumbe) hadi zamu ya kumwingiza uwanjani, unapaswa kujibu swali hilo moja: atapiga mara ngapi?

Mfano nitakaoutumia ni Conkeldurr, kiumbe wa aina ya Fighting (aina ya pigo na ya anayepigwa ndizo huongeza au kupunguza madhara) aliyeanza kuonekana katika kizazi cha tano cha michezo hii mwaka 2010. Takwimu zake za msingi ni uhai 105, shambulio 140, kinga 95, kinga maalumu 65 na kasi 45. Si mshambuliaji sugu pekee, lakini anafundisha vizuri kwa sababu uimara wake una pengo lililo wazi: mapigo ya mwili (yanayozuiliwa na kinga) anayahimili, mapigo maalumu (yanayozuiliwa na kinga maalumu) yanamuumiza. Hesabu zote zilizomo humu ni za ngazi ya 50, inayotumika katika mashindano rasmi ya wawili kwa wawili, na zinafuata kanuni za Pokémon Scarlet na Violet.

Hesabu ya kuingia uwanjani

Makosa mengi ya kumtumia kiumbe wa namna hii hutokea kabla hajapiga pigo lolote. Ukimwingiza kwa kumbadilisha na mwenzake, zamu hiyo yote anapokea pigo bila kujibu. Zamu inayofuata, kwa kuwa ni mzito, yaani kasi yake ni ndogo, anapigwa tena ndipo apige. Kwa hiyo, mbele ya mpinzani mwenye kasi kuliko yeye, pigo lake la kwanza linamgharimu mapigo mawili, la pili linamgharimu matatu, na kuendelea hivyo hivyo. Akiingia baada ya mwenzake kuzimia, au akiletwa na mwenzake mzito anayetumia U-turn au Volt Switch (mapigo yanayomtoa mpigaji na kumwingiza mwenzake) baada ya mpinzani kuwa amekwisha kupiga, lile pigo la ziada halipo. Tofauti ya pigo moja yaweza kuonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa kiumbe anayehimili mapigo mawili au matatu tu ndiyo tofauti kati ya kupiga mara moja na kupiga mara mbili.

Kutokana na hesabu hiyo, usimwingize mshambuliaji sugu kwa sababu tu una hakika kwamba hatazimia. Mwingize mbele ya pigo ambalo aina yake inalipunguza, au mbele ya mpinzani anayetarajiwa kutumia zamu hiyo kujiimarisha, kuweka mitego au kujikinga. Conkeldurr hupunguza kwa nusu mapigo ya Rock, Bug na Dark, na hizo ndizo nafasi zake za kawaida za kuingia bila hasara kubwa.

Mgawanyo wa pointi za juhudi

Kila kiumbe anaweza kupewa pointi za juhudi 510 kwa jumla, na takwimu moja haipokei zaidi ya 252. Katika ngazi ya 50, pointi 4 za mwanzo huongeza takwimu kwa moja, kisha kila pointi 8 huongeza moja nyingine, hivyo 252 huleta ongezeko la 32.

Desturi ni kuweka 252 kwenye uhai na 252 kwenye shambulio, kisha kutofikiri zaidi. Kwa Conkeldurr mgawanyo huo unafaa: uhai hupanda kutoka 180 hadi 212, na shambulio pamoja na tabia ya Adamant, inayoongeza shambulio, hufika 211. Lakini desturi hiyo haimfai kila kiumbe. Uimara wa kweli ni zao la uhai ukizidishwa kwa kinga, na zao hukua zaidi pale unapoongeza ile sehemu iliyo ndogo. Mtazame Snorlax, ambaye uhai wake wa msingi ni 160 na kinga yake ni 65 tu. Ukimpa 252 za uhai atakuwa na uhai 267 na kinga 85, na zao lake ni 22,695. Ukimpa 252 hizo hizo kwenye kinga atakuwa na uhai 235 na kinga 117, na zao lake ni 27,495, yaani zaidi kwa takribani asilimia 21 dhidi ya mapigo ya mwili. Uhai una faida ya kulinda pande zote mbili kwa pamoja, lakini kwa kiumbe ambaye tayari ana uhai mwingi kupita kiasi, pointi za uhai mara nyingi ndizo zenye faida ndogo kuliko zote.

Njia ninayoiona kuwa bora ni kuanza na mpinzani mmoja au wawili mnaokutana nao mara kwa mara, kutafuta kiasi kidogo kabisa cha kinga kinachotosha kuhimili mapigo unayotaka kuyahimili, kisha kuyapeleka mabaki yote kwenye shambulio. Kumbuka kwamba nguvu ya pigo hubadilika kila linapotolewa, kati ya asilimia 85 na 100 ya kiwango chake cha juu, kwa hiyo panga kwa kiwango cha juu cha mpinzani na kiwango cha chini cha kwako.

Kuna hesabu nyingine ndogo ambayo wengi huiacha. Leftovers, kifaa anachobeba kiumbe, hurejesha sehemu moja ya kumi na sita ya uhai kila zamu, na desimali hukatwa. Kiumbe mwenye uhai 208 hurejeshewa 13, na mwenye uhai 212 pia hurejeshewa 13. Akibeba kifaa hicho, pointi 220 za uhai zinatosha kufika 208, nazo 32 zilizobaki zipelekwe kwenye takwimu nyingine.

Kifaa na mapigo

Kwa Conkeldurr chaguo langu la kwanza ni Assault Vest, ambayo huongeza kinga maalumu kwa nusu na kuziba lile pengo lililotajwa mwanzoni. Bila pointi yoyote kinga yake maalumu ni 85. Akivaa Assault Vest inakuwa 127. Gharama yake ni kwamba hawezi kutumia pigo lolote lisilo la kushambulia, na hilo linajumuisha Protect. Katika mapambano ya wawili kwa wawili gharama hiyo si ndogo, kwa sababu mpinzani akijua kwamba huwezi kujikinga, ataelekeza mapigo yake yote mawili kwako bila wasiwasi.

Drain Punch ndilo pigo linalomfanya astahili nafasi yake, kwa kuwa humrudishia nusu ya uhai anaompunguzia mpinzani. Hapa uzito wake unageuka kuwa faida. Kiumbe mwenye kasi anayetumia Drain Punch akiwa na uhai kamili hupoteza uponyaji wote, ilhali Conkeldurr hupigwa kwanza, kisha hupiga na kuponya lile jeraha alilolipata katika zamu hiyo hiyo. Mach Punch ina nguvu 40 tu lakini hutangulia, nayo hupunguza pigo moja katika hesabu ya kuingia. Knock Off hunyang'anya kifaa cha mpinzani na hupata nguvu mara moja na nusu inapofanya hivyo, tena huwapata viumbe wa Ghost ambao mapigo ya Fighting hayawagusi kabisa. Nafasi ya nne ni ya Ice Punch kwa ajili ya Flying na Dragon, au Poison Jab kwa ajili ya Fairy, aina ambayo hupunguza mapigo ya Fighting na ya Dark kwa pamoja.

Mfano mmoja uliohesabiwa

Chukua Flutter Mane, kiumbe wa Ghost na Fairy mwenye kasi kubwa, mwenye pointi 252 za shambulio maalumu, tabia isiyoliongeza, na bila nyongeza nyingine yoyote. Moonblast yake, pigo maalumu la Fairy, dhidi ya Conkeldurr mwenye uhai 212 na asiye na Assault Vest huanzia 236, kwa hiyo anazimia bila shaka. Akiwa na Assault Vest, pigo hilo hilo hutoa kati ya 158 na 188, na Conkeldurr hubaki na uhai usiopungua 24. Wengi huishia hapo na kuridhika, ilhali pambano halijaamuliwa. Flutter Mane asiyewekezewa uhai wala kinga ana uhai 130, na Knock Off ya kumnyang'anya kifaa hutoa kati ya 103 na 122. Hazimii. Zamu inayofuata anatangulia tena, na Conkeldurr anaondoka uwanjani akiwa amepiga mara moja tu.

Sasa mbadilishe Conkeldurr aina kwa Terastal, mbinu ya kubadili aina katikati ya pambano, awe Steel. Aina hiyo hupunguza mapigo ya Flying, Psychic na Fairy, yaani zile aina tatu zote zinazomwelemea Conkeldurr, naye hapotezi nyongeza ya nguvu ambayo mapigo ya Fighting huipata kutokana na aina yake ya asili. Moonblast inashuka hadi kati ya 39 na 47. Flutter Mane akigeukia Shadow Ball, pigo maalumu la Ghost, hatavuka 79 kwa pigo moja, hivyo Conkeldurr anahimili mawili kwa urahisi na kumzimisha kwa Knock Off ya pili. Lakini haya yote ni iwapo Conkeldurr alikuwa tayari uwanjani, au aliingia bila kupigwa. Akiingizwa kwa kubadilishwa na kupokea Moonblast moja kabla ya Terastal, atabaki na uhai kati ya 24 na 54, na Shadow Ball inayofuata, isiyopungua 67, itammaliza. Viumbe ni wale wale, vifaa ni vile vile, na matokeo yanaamuliwa na namna ya kuingia.

Yanayopunguza idadi ya mapigo

Hatari kubwa kwa mshambuliaji wa mwili ni kuunguzwa, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mapigo yake kwa nusu na kumla uhai kidogo kidogo. Conkeldurr mwenye uwezo wa Guts amekingwa na balaa hilo: akiwa ameungua, shambulio lake huongezeka kwa nusu, kutoka 211 hadi 316, na punguzo la kuungua halimhusu. Hata usipompa Flame Orb ya kujiunguza mwenyewe, uwepo wa Guts humfanya mpinzani asite kutumia Will-O-Wisp, pigo la kuunguza, na kusita huko kunakununulia zamu.

Uwezo wa Intimidate ni kero ya kila siku, kwani hushusha shambulio la 211 hadi 140 kila mwenye uwezo huo anapoingia uwanjani. Kifaa cha Clear Amulet huizuia, lakini inachukua nafasi ya Assault Vest. Mimi huona ni afadhali kumwoanisha na mwenzake mwenye mapigo maalumu, ili kila zamu anayoitumia mpinzani kumwingiza mwenye Intimidate iwe zamu ya mwenzake kushambulia kwa uhuru.

Sumu ya Toxic humwadhibu zaidi anayekaa uwanjani kwa muda mrefu. Conkeldurr mwenye uhai 212 hupoteza 13, kisha 26, kisha 39, kisha 52, jumla 130 kwa zamu nne, na Drain Punch peke yake haiwezi kufidia hasara hiyo kwa kila mpinzani. Guts humpa nguvu hapa pia, lakini haimpi muda. Aina ya Steel haipatwi na sumu, mradi Terastal itangulie. Mitego ya uwanjani si tatizo kubwa kwake: Stealth Rock, mawe yanayomuumiza kila anayeingia, humpunguzia sehemu moja ya kumi na sita tu, ilhali kiumbe kama Volcarona hupoteza nusu nzima.

Trick Room na pigo la mwisho

Trick Room hugeuza mpangilio wa kasi ili mzito atangulie, na hapo lile pigo la ziada la kuingia hupungua thamani kwa mpinzani. Huduma hiyo hudumu zamu tano zikihesabiwa pamoja na ile ya kuianzisha, kwa hiyo unazo nne za kuzitumia. Ukimjenga kwa ajili hiyo, mpe tabia ya Brave, inayoongeza shambulio na kupunguza kasi, na umpunguzie kasi hadi 45. Vinginevyo baki na Adamant na kasi 65, kwa sababu kuwatangulia viumbe wengine wazito nje ya Trick Room kuna manufaa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Mach Punch haiguswi na Trick Room, hutangulia siku zote.

Jambo la mwisho ni kujua mapema kiasi cha Mach Punch yako. Dhidi ya mpinzani mwenye kinga 100 ambaye aina yake haiongezi wala haipunguzi mapigo ya Fighting, hutoa kati ya 49 na 58. Dhidi ya yule ambaye Fighting inamwelemea, kati ya 98 na 116. Conkeldurr anapobakiwa na uhai wa pigo moja, angalia kwanza kama mpinzani yeyote ameshuka chini ya 49. Kama yupo, tumia Mach Punch. Kama hayupo, na hakuna nafasi ya kumtoa salama, tumia Knock Off au Drain Punch, lolote litakalomshusha mpinzani hadi mahali ambapo mwenzake anayefuata atammaliza bila kupigwa.