Julai hii, mbwa yupi avae sweta?

Nakaa Ilboru, Arusha. Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Mlima Meru unashuka mpaka getini. Nina mbwa wawili. Simba, wa kienyeji mwenye manyoya mazito, simvishi kitu. Ukimvalisha atahema tu njia nzima. Mwenzake, Pili, ni mdogo, mwembamba, manyoya mafupi kama ya mbuzi, tena ana miaka 11. Huyo ndiye wa sweta, na ukiwa na mtoto wa mbwa au mgonjwa, mhesabu upande wake.

Kama una shaka, toka naye dakika tano umtazame. Akitetemeka, akikunja mgongo, akiinua mguu mmoja mmoja au akivuta kamba kurudi nyumbani, anasikia baridi.

Sweta la Pili nililikata kwenye mkono wa sweta la mtumba, elfu mbili tu, nikatoboa matundu mawili ya miguu. Shingoni vipite vidole viwili. Dume muachie tumbo wazi kwa nyuma, la sivyo atalikojolea (niulize mimi). Likilowa manyunyu, mvue na umfute kwa taulo, maana likiwa bichi linamzidishia baridi.

Simba naona anamcheka.